Jasho la Mpanda Baiskeli Mlimani

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, hupanda karibu mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita 30 na ushei. Mpanda baiskeli aipandaye wakati wa joto la kaskazi hushindana na mambo mawili: uzito na joto.

Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, kuinuka kimo hicho huhitaji nishati ya kilojuli 800 hivi. Lakini misuli hugeuza yapata robo tu ya nishati yake kuwa kazi. Robo tatu, yaani kilojuli 2,400, huwa joto mwilini. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa kiasi hicho hicho. Jasho lidondokalo chini halipozi mwili. Ndiyo maana lita moja ya maji haitoshi. Tena, mwendo wa kupanda ni wa polepole, hauleti upepo.

Kwa hiyo msafiri aanze alfajiri, anywe maji mara kwa mara, na ale chakula chenye chumvi. Akianza kuchanganyikiwa, alazwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.