Kwa nini nagana haina chanjo? Tuangalie ndani ya kimelea



Kijana mmoja wa kule Mkata, aliyekopa hela ya kununua madume ya kunenepesha, alinipigia: "Bwana mifugo, si nilichanja ndigana? Mbona ng'ombe wanakonda, nywele zimesimama?"

Alichanja ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Hawa walikuwa na nagana (wengine mnaita ndorobo), inayoletwa na mbung'o. Nagana haina chanjo mpaka leo, na sababu iko ndani ya kimelea chenyewe, tripanosoma.

Tripanosoma ni seli moja tu, ila ndani kuna kazi kama ghala la mazao: kupanga, kupakia, kusafirisha.

1. Koti. Kimelea kinavaa koti la protini kama milioni 10 za aina moja. Zinatengenezwa ndani, zinapakiwa kwenye vifuko vidogo na kupelekwa nje.

2. Geti moja. Mizigo hii inapita kwenye mfuko mmoja ulio kwenye shina la mkia. Inayotoka na inayoingia, geti ni hilo hilo.

3. Kujisafisha. Askari wa kinga ya ng'ombe wakinasa kwenye koti, kimelea kinaogelea mbele. Askari wanasukumwa nyuma hadi getini, wanamezwa na kusagwa, koti linarudishwa nje. Kwa Trypanosoma brucei, iliyochunguzwa sana maabara, koti zima linazungushwa hivyo kwa dakika kama 12.

4. Kubadili. Askari wakizidi, baadhi ya vimelea vinakuwa vimeshavaa koti jingine. Kinga inaanza upya, homa inapanda na kushuka. Chanjo ya koti moja itasaidia nini?

Sasa wewe ufanye hivi:

- Pima damu kwanza, usichome kwa kubahatisha.
- Pima uzito kwa utepe wa kifuani, kisha fuata lebo. Dawa kama diminazini nayo huingia kwenye kimelea kwa milango ya protini. Dozi pungufu inaua vimelea dhaifu na kuacha sugu vizaliane.
- Ogesha kwa dawa ya pairethroidi inayoua mbung'o na kupe, na weka mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi malishoni.
- Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama au maziwa.

Yule kijana alikuwa anakadiria uzito kwa macho. Tulipopima, dozi zake zote zilikuwa pungufu. Utepe ni bei ndogo kuliko dume moja, vijana.