Idi kwa Nyanya, na Korona Isiyokwisha

SWALI: Daktari, Idi inakaribia, na desturi ya ukoo wetu hapa Mombasa ni kukutana sote kwa nyanya, ambaye umri wake umepita miaka 80 na ana maradhi ya sukari. Mjomba mmoja atatoka Nairobi, mwingine Maskati. Wako wasemao kwamba korona imekwisha, na kujihadhari sasa ni kumvunja nyanya moyo. Tufanyeje?

JIBU: Mwanangu, hao wasemao korona imekwisha wamesikia nusu ya habari, kwa maana lililotangazwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 5 Mei 2023 ni kukoma kwa hali ya dharura ya ulimwengu, wala si kukoma kwa maradhi yenyewe, ambayo yangali yakizunguka baina ya watu. Na ijapokuwa kwa kijana mwenye siha aghalabu hupita kama mafua ya siku chache, kwa mtu wa umri wa nyanya yako, tena mwenye sukari, yaweza kushuka mapafuni na kumlaza hospitali.

Mwaka 2020 tulihimizwa kwanza kunawa mikono, jambo jema ambalo sina haja ya kulisifu mbele ya watu watawadhao mara tano kwa siku. Lakini yakini iliyopatikana baadaye ni kwamba kirusi hiki husafiri zaidi kwa pumzi, katika chembe ndogo mno zitokazo mtu anenapo, achekapo na hasa aimbapo, nazo huelea ndani ya chumba kilichofungwa hata baada ya mwenyewe kuondoka. Mnamo Machi 2020, katika jimbo la Washington huko Marekani, watu 61 walikutana kwa muda wa saa mbili na nusu kufanya mazoezi ya kwaya, mmoja wao akiwa na dalili za mafua, na katika siku zilizofuata wengine 52 wakathibitika au wakadhaniwa kuwa wameambukizwa, wawili wakafariki. Basi ikiwa kwenu Idi haitimii bila kaswida, zisomeni uani.

Na si kaswida peke yake. Nasaha yangu kubwa ni kwamba karamu nzima itoke ukumbini iende uani, au barazani, au popote penye kupita upepo. Wazee wetu walijenga nyumba zenye ua na madirisha ya kuvuta hewa, nasi tukayafunga tukatundika viyoyozi; na kwa kuwa Idi ya miaka hii huangukia mwishoni mwa kaskazi, joto likiwa limeshtadi, ndipo jamaa wote hujifungia chumba kimoja chenye baridi wakaona wamestarehe. Ijulikane kuwa kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa ya nje, bali huivuta ile ile ya chumbani, pamoja na pumzi za wote waliomo, kikaipoza na kuirudisha. Ikilazimu kukaa ndani, fungueni madirisha ya pande mbili, na feni moja ielekezwe nje ili iisukume hewa iliyochakaa, joto mtavumilia.

Wengi huniuliza habari za sinia. Mimi siioni hatari kubwa katika wali wala katika mikono iliyooshwa, bali katika vichwa sita vilivyoinamiana vikizungumza. Kwa hiyo sinia ibaki, lakini kila nyumba ile kwenye sinia yake, na nyanya ale pamoja na wale anaoishi nao siku zote.

Ama mwenye mafua, kikohozi au homa, hata awe mwana kipenzi, asije. Sayyidna Umar mwenyewe alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko, akageuza msafara, na huo haukuwa woga. Wageni wa safari na wapime asubuhi ya Idi kwa kile kipimo cha haraka cha puani, wakijua kwamba mwenye dalili akipata jibu la kuwa hana maradhi asilitegemee mpaka apime tena baada ya saa 48.

Chanjo ya nyanya ikiwa ni ya zamani, ulizeni kituo cha afya mapema, kwani mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Ama kujifukiza kwa mvuke, hakuui kirusi, na maji yake ya moto yameunguza wengi. Baada ya sikukuu mchungeni nyanya kwa siku kumi hivi, mkikumbuka kwamba mzee huenda asipate homa, bali akakataa chakula, akachanganyikiwa, au sukari yake ikapanda bila sababu. Hapo apelekwe kwa tabibu siku ile ile, kwa sababu dawa za kukizuia kirusi, zinapopatikana, hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku tano za mwanzo. Akihema kwa shida, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikashuka chini ya asilimia 94, msingoje asubuhi.

Limebaki la kumvunja moyo. Kwa nini mumfichie? Mwelezeni haya yote, kisha yeye mwenyewe awapigie simu wajomba na kuwaamuru kupima. Maana mjomba atakayebishana nawe kutwa nzima, mbele ya mama yake hatathubutu.