Malkia Aliyeachwa Aliwe: Kutoa si Kupoteza

Vijana wapendwa, leo hebu tujifunze kutoka kwenye ubao wa chesi.

Ni New York, Oktoba 17, 1956. Bobby Fischer, mtoto wa miaka 13 tu, anacheza na Donald Byrne, mmoja wa wachezaji hodari wa Marekani wakati huo. Fischer ana kete nyeusi. Kwenye chesi mweupe ndiye anayeanza, kwa hiyo mweusi yuko nyuma hatua moja tangu mwanzo.

Ikafika hatua ya 17. Malkia wa Fischer yuko hatarini. Malkia ndiye kete yenye nguvu kuliko zote, na kila anayejifunza mchezo huu huambiwa amlinde. Dogo hakumkimbiza. Alisogeza askofu wake, akamwacha malkia aliwe. Byrne akamla. Ungekuwepo ungesema: basi, mtoto kaisha.

Kumbe hesabu ndiyo kwanza inaanza! Askofu na farasi wa Fischer wakambana mfalme mweupe huku wakiokota kete nyingine njiani. Kwa malkia mmoja, Fischer alipata ngome, maaskofu wawili na askari. Hatua ya 41 mfalme wa Byrne hakuwa na pa kukimbilia. Na malkia wa Byrne? Bado yupo ubaoni, mzima kabisa, ila yuko mbali na hawezi kusaidia chochote.

Somo liko hapo. Kwa nje, kutoa na kupoteza vinafanana: kitu kimeondoka mkononi. Tofauti ni kwamba anayetoa ameona kilicho kikubwa zaidi. Yule mfanyabiashara katika Injili ya Mathayo hakuuza vyote kwa sababu amechoka na mali. Aliiona lulu kwanza. Ndiyo maana kijana akiambiwa tu "acha!", moyo unagoma. Usianze na "niache nini?" Anza na "natafuta nini?" Bila hilo, kuacha ni uzembe tu, hakuna anayeshinda kwa kugawa malkia ovyo.

Na tukumbuke malkia wa Byrne. Sifa za marafiki, uhusiano wa kujificha, usiku mzima kwenye simu: unaweza kuvilinda mpaka mwisho, na siku ya shida visikufae kitu.

Tafakari wiki hii: Malkia wako ni nani? Na je, lulu umeshaiona?