Zoezi la 7: Ufahamu na Ufupisho – Soko la Krismasi la Nuremberg

Mtahiniwa, katika ufahamu alama nyingi hupotea kwa sababu moja: msomaji hushika mambo yanayovutia macho na kuliacha wazo kuu. Kifungu hiki kimechaguliwa kukupima hapo. Kisome mara mbili: kwanza bila kuandika chochote, kisha ukiwa na penseli mkononi.

Soma kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Kila mwaka, Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, watu hufurika katika uwanja wa Hauptmarkt, mjini Nuremberg, kusini mwa Ujerumani. Jioni hiyo msichana aliyevaa taji na vazi la rangi nyeupe na dhahabu hutokea kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche na kulifungua soko la Krismasi. Msichana huyo huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Soko huendelea hadi tarehe 24 Desemba, na ushahidi wa zamani zaidi unaojulikana kulihusu ni wa mwaka 1628.

Vibanda vyake ni vya mbao, na juu vimefunikwa vitambaa vya mistari myekundu na myeupe. Huuzwa mapambo, keki za viungo, vikaragosi vya plamu zilizokaushwa, na soseji ndogo za kuchoma ambazo huwekwa tatu ndani ya mkate mmoja. Uwanjani hapo pia kuna chemchemi yenye mnara wa mita 19 hivi. Wageni huzungusha pete iliyo kwenye uzio wake wakiamini kuwa italeta bahati. Saa sita mchana, saa ya kanisa iliyowekwa mwaka 1509 hugonga, na sanamu za wakuu saba humzunguka Kaisari Karl wa Nne kwa heshima.

Hata hivyo, uwanja huo una historia nzito. Zamani hapo palikuwa na mtaa wa Wayahudi. Mwaka 1349, kwa idhini ya Karl huyohuyo, mtaa ulibomolewa ili kupata nafasi ya soko. Wayahudi wasiopungua 562 waliuawa, na kanisa likajengwa mahali pa sinagogi lao. Katika karne ya 20, Wanazi walifanya mikutano yao mikubwa mjini humo. Tarehe 2 Januari 1945, ndege za Uingereza ziliushambulia mji kwa mabomu, na sehemu kubwa ya mji mkongwe ikawa kifusi. Soko lilirudi mwaka 1948, na majengo mengi yanayoonekana ya kale yamejengwa upya. Leo mgeni anaweza kutoka sokoni akaenda kuona chumba namba 600 cha mahakama, ambamo viongozi wa Wanazi walishtakiwa baada ya vita. Mji huo huwaonyesha wageni taa zake na makovu yake pia.

Maswali

1. Toa maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) hufurika (b) roshani (c) kifusi (d) makovu.
2. Soko hufunguliwa na nani, na wapi?
3. Neno “huyohuyo” katika aya ya tatu linamkumbusha msomaji jambo gani?
4. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.
5. Pendekeza kichwa cha habari kinachofaa.

Majibu na maelekezo

1. (a) hujaa kwa wingi (b) sehemu ya ghorofani iliyojitokeza nje (c) mabaki ya jengo lililobomoka (d) alama za maumivu ya zamani. Ukiandika kwamba makovu ni alama za vidonda mwilini, hupati alama, kwa kuwa mji hauna mwili. Swali limesema “kama yalivyotumika”.

2. Hufunguliwa na msichana aliyevaa taji, kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche.

3. Kwamba mtawala anayeheshimiwa na sanamu kila mchana ndiye aliyeidhinisha kubomolewa kwa mtaa wa Wayahudi. Jibu hili halimo katika sentensi moja. Unalipata kwa kuunganisha aya ya pili na ya tatu.

4. Uwanja wa soko ulikuwa mtaa wa Wayahudi uliobomolewa na wakazi wake kuuawa mwaka 1349. Wanazi walifanya mikutano mjini humo. Mji uliharibiwa vitani mwaka 1945, ukajengwa upya, na leo huonyesha uzuri wake pamoja na makovu yake. (Maneno 35.)

5. “Nuremberg: Taa na Makovu”. Kichwa kama “Vyakula vya Krismasi” hakifai, kwa kuwa kinagusa aya moja tu.

Kumbuka: Ukikutana na “hata hivyo”, “lakini” au “ingawa”, pigia mstari. Mara nyingi wazo kuu la mwandishi huanzia hapo.