Spika zenye ncha kwenye sakafu ya mbao

Swali: Spika zangu za kusimama zina miguu ya chuma yenye ncha kali. Sakafu ni ya mbao za mninga. Nikiweka kitu chini yake, sauti itaharibika?

Jibu: Haitaharibika, mradi spika isitikisike. Ncha hizo zilikusudiwa kupenya zulia ili spika isimame imara juu ya sakafu yenyewe. Kwako hakuna zulia. Spika ya kilo 20 kwenye ncha nne inabana kilo 5 mahali padogo kuliko punje ya mchele, na mninga hauvumilii hilo.

Tafuta visahani vya chuma vyenye kishimo katikati. Ncha inakaa humo haitelezi. Chini ya kisahani bandika kitambaa chembamba cha sufu, chembamba kweli, kwa sababu kikiwa kinene spika itayumba na besi itapoteza ukakamavu. Kisha sukuma sehemu ya juu ya spika kwa kidole. Ikicheza, rekebisha mguu mmoja, kaza nati yake kwa spana, ujaribu tena. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayosikika zaidi.

Ukitaka kuihamisha, iinueni mkiwa watu wawili. Msiiburute hata kidogo.