Kumlisha mwanao wodini si kumfanyia nesi kazi

Mdogo wangu wa Tanga,

Kwanza pokea hongera ya uzazi. Katika barua yako yote ndefu sijaona mahali ulipoandika kwamba kuna mtu aliyekupa.

Unasema mwanao amezaliwa njiti, kilo 1.4, na sasa mko wiki ya pili wodini. Manesi wamekufundisha kukamua maziwa, kumlisha kwa mrija wa puani na kumbeba kifuani kwa kanga usiku na mchana. Mama mkwe akija saa ya kuona wagonjwa anauliza, "Hao manesi wanalipwa mshahara wa nini?" Nawe usiku ukishika bomba la maziwa mkono unatetemeka, ukiwaza mtoto akipaliwa lawama zitamwangukia nani. Unataka kujua kama ni haki mzazi kufanyishwa kazi ya uuguzi.

Nimeusikia uchungu wa mama mkwe, na ni uchungu wa mjukuu. Lakini anaamini mtoto akishalazwa huwa mali ya hospitali, mzazi abaki mlangoni kusubiri taarifa. Zamani hospitali nyingi ziliamini hivyohivyo. Uingereza wazazi waliwekewa saa chache tu za kuwaona watoto wao, na mtoto aliyenyamaza kitandani alihesabiwa kuwa amezoea. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane bila mama yake kukaa naye, na watu wakaona kwamba ukimya ule ulikuwa huzuni. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya huko ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wakati wowote, na mama wa watoto wadogo walazwe pamoja nao. Kwa hiyo wewe kuwemo humo ndani ni haki ya mwanao, na kuna watu waliipigania.

Hiyo kanga kifuani nayo ina historia. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi na mashine za joto chache, akawaweka watoto kwenye vifua vya mama zao. Wengi walidhani ni njia ya maskini tu. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, uzito kama wa mwanao. Waliowekwa kifuani mapema, mama na mtoto wakihudumiwa pamoja, vifo vyao vilipungua kwa robo katika siku 28 za mwanzo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza familia zishirikishwe katika kuwatunza watoto hawa wodini. Basi ukimbeba mwanao unamtibu, na hakuna nesi anayeweza kukaa naye kifuani saa zote hizo.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana sitaki urudi wodini ukidhani kila unachoambiwa lazima ukubali. Manesi wetu ni wachache, na mara nyingine mzazi huachiwa asichopaswa kuachiwa. Angalia hivi: umefundishwa? Umesimamiwa mpaka ukaweza? Ukiita, kuna anayekuja? Kama ndiyo, umeshirikishwa. Kama umekabidhiwa bomba na mtu akaondoka, umetelekezwa, na hapo una haki ya kusema.

Mipaka yenyewe ni hii. Maziwa, joto, nepi, kumbembeleza na kumtazama mtoto ni vyako. Dawa, dripu, oksijeni, na kuhakikisha mrija umekaa mahali pake ni kazi ya nesi. Wakati wa kulisha usisukume maziwa. Yaache yashuke yenyewe taratibu. Ukiona rangi yake inabadilika, anakohoa, anatapika, anapumua kwa shida au pumzi inasita, simamisha papo hapo uite kwa sauti. Kuita si kusumbua. Wewe ndiye unayemtazama saa nyingi kuliko wote, na badiliko dogo utaliona kabla ya mtu mwingine.

Kuna jambo moja nitakukemea kidogo. Umeandika kwamba ukifundishwa unaitikia "ndiyo, sista," kisha unakwenda kulia chooni kwa sababu hukuelewa. Hilo liache leo. Ndiyo ya uongo inaweza kumdhuru mtoto kuliko mkono unaotetemeka. Sema, "Sista, bado naogopa, naomba usimame hapa nimlishe ukiniona." Nesi wa zamu akikukaripia, subiri mwingine au mfuate muuguzi kiongozi wa wodi. Ikishindikana, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Na siku ambayo huwezi kabisa, sema huwezi. Hutahesabiwa mama mbaya.

Kuhusu lawama: nesi bado ndiye anayewajibika kwa huduma ya mwanao, hata mkono ulioshika bomba ukiwa wako. Anakufundisha sasa kwa sababu ipo siku mtaruhusiwa, na nyumbani hakuna kengele ya kumwita. Afadhali hofu hiyo uimalize penye watu wa kukusaidia.

Mwisho, mzigo huu usiubebe peke yako. Baba anaweza kumbeba mtoto kifuani, bibi vilevile, mradi wawe wazima na wanawe mikono. Unasema wodi yenu hairuhusu wanaume. Nenda na mume wako kwa muuguzi kiongozi mkaombe angalau saa moja kwa siku, kwa adabu, na mkikataliwa mwombe tena kesho. Mama mkwe naye mwombe akae na mjukuu chini ya kanga. Nina hakika akisikia pumzi yake kifuani atapunguza maswali, na atadai zamu ya pili.

Saa hizo ukisaidiwa, usizitumie kufua. Kula ushibe, lala. Ukilala hujamtelekeza mwanao. Umemtunzia mama yake.