Mwache Azamishe Nyumba za Vifuu

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Somanga, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu maji yaingie ndani usiku, mwanao wa miaka sita kila jioni anapanga vifuu mchangani, anachota maji kwa kopo, anavimwagia mpaka vibiringike, kisha anapiga kelele: "Wamekufa wote!" Mama mkwe anasema mtoto anawachuria. Wewe umemchapa mara moja, sasa roho inakuuma, unauliza ufanyeje.

Kwanza, pole sana. Pili, mwache acheze.

Sisi wa Kilwa maji tunayajua. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika hapo hapo kwenu Somanga, mabasi yakalala njiani. Sisi wakubwa tulilisimulia jambo hilo mpaka midomo ikachoka: barazani, sokoni, kwenye simu. Kila aliyesimulia alijisikia nafuu kidogo. Mtoto wa miaka sita hana baraza la kukaa, wala maneno ya kusema "niliogopa, nilidhani bibi amekufa maji". Ana vifuu na kopo. Hayo ndiyo masimulizi yake.

Nilijifunza hili kwa kosa langu mwenyewe. Baba yetu alipofariki Kivinje, mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka mitano. Siku chache baada ya maziko nikamkuta uani amemviringisha mwanasesere kwenye kitambaa cheupe, amemlaza juu ya ubao, anatembea naye polepole kama watu waliobeba jeneza. Nilishtuka. Nikamnyang'anya kitambaa, nikamwambia mambo hayo hayachezewi. Hakulia. Alinyamaza tu, na unyamavu ule ulichukua siku nyingi. Hata kula akawa anakula kwa kusukumwa, na usiku akaanza tena kukojoa kitandani.

Shangazi yetu mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi ndiye aliyeniambia: mrudishie kitambaa, kisha ukae chini. Nikakaa. Siku ya kwanza alinitazama kwa mashaka, hakucheza. Siku ya tatu akanipa pembe moja ya kitambaa: "Mama mdogo, shika hapa." Tukamzika yule mwanasesere mara nne jioni ile. Mara ya nne akasimama katikati, mikono ina mchanga, akauliza, "Babu hasikii baridi kule chini?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamlaza macho. Hakuna swali letu hata moja lililokuwa limelifikia. Nilimjibu kwamba mwili wa babu sasa hausikii baridi wala maumivu, na kwamba tunamwombea. Kukojoa kitandani hakukuisha kesho yake, kuliendelea wiki kadhaa, lakini kula alirudi kula.

Kazi hii ina wataalamu wake, inaitwa tiba kwa njia ya mchezo. Mmarekani Virginia Axline alitoa kitabu chake juu ya tiba hii mwaka 1947, na msingi wake ni mwepesi kuueleza, mgumu kuutenda: mtoto ndiye anayeongoza, mkubwa anafuata. Hafundishi, hasahihishi, hamharakishi. Wataalamu wa namna hiyo kwetu ni wachache, na mtu wa Somanga ukimwambia awatafute mjini unamwongezea mzigo. Ndiyo maana mimi napenda zaidi walichofanya Bernard na Louise Guerney katika miaka ya 1960: waliwafundisha wazazi wenyewe kukaa na watoto wao kwa mtindo huo, nusu saa kila wiki. Waliona mtoto atapona zaidi kwa mtu atakayebaki naye nyumbani. Nakubaliana nao kabisa.

Basi chagua siku yako moja, ambayo hushughuliki na mwani wala shamba. Nusu saa, mahali palepale, simu uiache ndani. Mtengee kikapu chake: vifuu, kopo, udongo, vitambaa, mwanasesere wa matambara, makaa ya kuchorea, kidau cha kuti. Vitu hivyo vitoke siku hiyo tu. Mwambie, "Huu ni wakati wako, utacheza utakavyo." Mipaka iwe michache: asijiumize, asikuumize wewe. Dakika tano kabla ya kumaliza mjulishe, asikatishwe ghafla.

Ulimi wako ndio utakaokushinda, nakuonya mapema. Utataka kumwambia, "Sasa jenga nyumba imara," au, "Usiogope, yameisha." Jizuie. Sema unachokiona: "Maji yamefika mlangoni." "Huyu kaogopa sana." Akikupa kifuu ukishike, kishike. Akikuamuru uwe bibi uliye juu ya paa, kuwa bibi, na umuulize mtoto bibi aseme nini. Usimuulize "kwa nini". Mtoto hajui kwa nini, na akiulizwa hujihisi ameshtakiwa.

Dua na kombe la mzee wa mtaa sikwambii uviache. Dua inakaa mahali pake, na mchezo mahali pake.

Lakini uwe na jicho. Mwaka 1976 huko Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa wakiwa kwenye basi lao, wakafungiwa chini ya ardhi kwa saa kama 16 kabla ya kujinasua. Daktari Lenore Terr aliyewafuatilia aliona baadhi yao wakilicheza tukio hilo tena na tena bila kupata nafuu yoyote. Mchezo unaotibu huwa unasogea: leo wote wamezama, wiki ijayo anatokea mtu na kidau, au bibi anapanda mnazi. Ukipita mwezi na zaidi, mchezo ni uleule, mwisho uleule, na mtoto anatoka pale amekakamaa kuliko alivyoingia, tafuta msaada. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au zungumza na wahudumu wa afya, wamsikilize.

Na wadogo zangu nyote mnaosoma, ukiona mtoto anacheza mambo ya kitandani ya watu wazima yasiyolingana na umri wake, usimpige na usimhoji kama polisi. Huenda kuna mtu amemwumiza. Piga 116, ni simu ya watoto na ni bure, au fika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Usiogope aibu ya ukoo.

Wewe wa Somanga, kwa kile kipigo kimoja, mwombe mwanao radhi. Mtoto anaombwa radhi, na hilo halikupunguzii umama. Mama mkwe nimwamkie, shikamoo mama, kisha umsomee barua hii taratibu. Mwombe naye aje akae mchangani, kwa sababu kifuu kile kikubwa, nina hakika, ni nyumba yake. Mjukuu akimwona bibi amekaa pale pembeni, mzima, mikono ina mchanga, hilo peke yake lina dawa. Anzeni wiki hii, kisha niandikie.